Nyumba Yenye Jiwe Sebuleni

Ukiingia nyumba namba kumi na tisa ya Kota za Juu, pale mteremkoni juu ya Mabatini, Mwanza, kitu cha kwanza kukupokea ni jiwe. Limetokeza katikati ya sebule, kimo chake kinamfika mtu mzima kiunoni, na ubavuni lina ufa mweusi wa kuingia vidole vinne. Halikuletwa na mtu. Lenyewe lilikuwepo, nyumba ndiyo iliyolifuata.

Luhaga Mashimba anaufahamu ufa ule vizuri, kwa sababu yeye ni mmoja wa walioupasua. Ilikuwa mwaka 1971. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, ametoka kijijini jirani na Bujora, akapata kibarua cha kujenga kota thelathini na sita za familia zenye kipato kidogo. Ramani ilichorwa na mtu aliyekaa mbali, akapanga nyumba zake kwa safu kana kwamba Mwanza ni meza. Mafundi walipofika mahali pa namba kumi na tisa wakakuta mwamba. Wakarundika magogo juu yake, wakawasha moto, na mwamba ulipokolea moto wakaumwagia maji ya baridi upasuke, kama wavunja mawe wa mji huu wanavyofanya hadi leo. Wiki tatu walihangaika. Mwamba ukatoa ufa mmoja tu, ukatulia. Msimamizi akasema ramani imeandika nyumba thelathini na sita, na thelathini na sita zitajengwa. Wakazungushia kuta.

Familia ya kwanza kupewa nyumba ile ilifika na magodoro kichwani. Bibi yao akachungulia mlangoni, akasema mawe ya namna ile yana wenyewe, na kabla ya jua kuzama ufunguo ulikuwa umerudi ofisini. Familia ya pili haikuingia kabisa. Basi ikageuzwa stoo, na Luhaga, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa kuwa fundi wa kota, akakabidhiwa. Aliweka spana, koki na mabati yake kulizunguka jiwe lile kwa miaka ishirini na mitano.

Siku hizo nyumba za umma ziligawiwa hadharani. Kila aliyeomba aliandikwa katika kitabu cha ofisi ya nyumba kwa zamu, mwenye watoto na asiye na pa kulala akitangulia. Nyumba ikiwa wazi, Jumamosi asubuhi watu walikusanyika mbele ya ofisi, na karani akasoma majina yote kuanzia juu, mbele ya kila mwenye masikio. Aliyekwisha kupewa akiitwa alijibu, "Nimepata." Aliyehama au kufariki, majirani walimjibia. Wa kwanza kusimama na kusema, "Bado," ndiye aliyepewa ufunguo, na kodi yenyewe ilikuwa ya kumwezesha mtu kulipa na bado watoto wakala. Karani huyo alikuwa Mama Wilhelmina, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kufika mpaka ng'ambo ya bonde. Hakuna aliyewahi kumpelekea kuku nyumbani akapokelewa.

Na palikuwa na sharti moja: mtumishi wa ofisi ya nyumba huandikwa mwisho, na kila mwombaji mpya hupanda juu yake. Sharti hilo lilimweka Luhaga mkiani mwa kitabu tangu siku alipojiandikisha. Yeye aliziba mabomba ya Kota za Juu mchana kutwa, kisha jioni akashuka Mabatini kwenye chumba kimoja cha kupanga, alikoishi na mkewe Odeta na watoto watano.

"Baba Kija," Odeta alimwambia mwaka hata mwaka, kila mvua ilipoanza, "hebu jiite wewe fundi, uje uone hapa tunapokinga maji kwa sufuria."

"Andika barua," Luhaga alijibu. "Utafikiwa kwa zamu yako."

Walicheka, lakini kicheko kile kilizidi kupungua. Mwaka 1986 kitabu kilifungwa kwa sababu hapakuwa na nyumba mpya tena. Ikaja enzi ya ruksa. Kila kitu kikawa ruksa. Viwanda vya minofu vikaota ufukweni, nyama ya sangara ikapanda ndege, sisi wenye ziwa tukabakiziwa mapanki, mifupa yenye kichwa na mkia. Watu wakaacha kuulizana hali, wakawa wanaulizana dili. Mwaka 1996 ikatoka barua kwamba Kota za Juu zitauzwa kwa wapangaji halali kwa bei nafuu, na ofisi ya nyumba itafungwa. Luhaga na Mama Wilhelmina walipewa barua zao za kupunguzwa kazi siku moja, ila karani aliambiwa abaki na kitabu mpaka ofisi ifungwe. Wiki hiyo hiyo, mwenye nyumba wa Mabatini akamwita Luhaga uani. Alitaka kujenga gesti, na mwisho wa mwezi chumba kiwe wazi.

Kwa hiyo Luhaga alikuwa na wiki tatu, kazi hana, na watoto watano hawana pa kwenda isipokuwa kurudi kijijini, na wawili kati yao walikuwa wanakaribia mtihani.

Aliyeletwa kusimamia mauzo ni kijana aliyeitwa Alexander, mwenye mkoba wa ngozi. Alizipitia nyumba zote, akafika namba kumi na tisa, akaligonga jiwe kwa kiatu.

"Hii haina mpangaji," alisema. "Kuna jamaa yangu ana friji mbili za soda. Atafungua duka."

Mama Wilhelmina alikuwa amesimama nyuma yake. "Kota zilijengwa kwa ajili ya familia, mwanangu. Na kitabu kilifungwa, hakikufutwa. Barua yako inasema mpangaji halali. Mpangaji halali anatoka kwenye kitabu."

"Kitabu cha miaka kumi, Mama?"

"Ulikuwa shule ya msingi kilipofungwa. Sikulaumu."

Jioni ile Mama Wilhelmina alibandika tangazo ukutani kwamba kitabu kitasomwa, na Jumamosi watu wakajaa mbele ya ofisi kama zamani. Wengine walitoka Buswelu walikojenga nyumba zao, wamekuja tu kuisikia tena sauti ile. Alexander aliona umati, akavuta kiti, akakaa. Odeta alisimama pembeni ya mumewe, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Palikuwa na majina arobaini na moja. Mama Wilhelmina alisoma taratibu.

"Nimepata!"

"Kahamia Geita!"

"Ametangulia, Mama, mwaka wa tatu sasa."

"Nimepata, na bomba lako bado linavuja!" alipiga kelele Chenge, kinyozi wa namba saba, na watu wakaangua kicheko. "Luhaga, jibu hoja!"

"Nywele zako ndizo zinaziba shimo, Chenge!"

Jina baada ya jina, na hakuna aliyesema, "Bado." Ilipofika thelathini na tano Odeta alianza kupumua kwa mdomo. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

"Shamsia Abdillah," alisoma Mama Wilhelmina. Jina la arobaini.

Watu wakageukiana.

"Shamsia Abdillah."

"Si yule mshonaji? Alihamia Ukerewe huyo," sauti fulani ilisema.

Alexander alinyanyuka. "Mara ya pili hiyo. Tumalize, Mama."

Luhaga alijua. Bi Shamsia hakuwa Ukerewe. Juma lililopita tu alimpita nyuma ya soko la Mabatini, amekaa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la watu, anatia uzi kwenye sindano huku amekunja uso. Alijua pia kwamba chini ya jina lile palibaki moja tu. Odeta alimshika mkono na kuubana kwa nguvu.

"Shamsia Abdillah," Mama Wilhelmina alisoma mara ya tatu, akaangalia watu juu ya miwani. Hakumtazama Luhaga. Wanaomfahamu wanasema kwa makusudi.

"Yupo," Luhaga alisema. "Yupo hapo nyuma ya soko. Hajapata."

Mkono wa Odeta ukamwachia.

Mtu mmoja akakimbia kumwita, na umati mzima ukangoja. Odeta alikwenda kukaa juu ya tofali, akampa mumewe mgongo. Chenge peke yake alimsogelea Luhaga, akamwambia polepole, "Ndugu yangu, wewe ni mpumbavu, na nyumba yako nitakunyolea bure mpaka nife."

"Nyumba ipi, Chenge?"

"Nimesema nyumba? Nilitaka kusema kichwa."

Bi Shamsia alifika anahema, futi ya kupimia bado imening'inia shingoni. Mama Wilhelmina akamweleza, wakampeleka namba kumi na tisa, watu nyuma. Alisimama mlangoni, akalitazama jiwe, akalizunguka, akaingiza mkono kwenye ufa.

"Nilijiandikisha nina watoto wanne," alisema. "Wameoa, wameolewa, baba yao nimemzika. Leo mniletee nyumba yenye mlima ndani? Nikijikwaa humu nani ataniokota?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Nani amesema kwamba nipo?"

Wakamwonyesha Luhaga.

"Shikamoo, Bi Shamsia."

"Marahaba. Na baada yangu kitabuni yuko nani?"

Alimtazama Luhaga, akamtazama Odeta aliyekuwa amekuja na macho mekundu, akaelewa.

"Mama Wilhelmina, andika kwamba Shamsia amepata," alisema. "Nimepata baraza. Pale nilipo wananifukuza kila siku, wanataka kuweka meza ya kaseti. Cherehani yangu itakaa kwenye baraza hili, na ndani akae mwenye watoto. Kama ananikatalia, basi nachukua yote na mlima wake."

"Karibu, Bi Shamsia," Odeta aliwahi kusema kabla mumewe hajafungua mdomo. "Karibu hata jikoni."

Alexander aliuliza kama sheria inaruhusu. Mama Wilhelmina alikuwa amekwisha fungua kitabu juu ya jiwe lenyewe.

"Luhaga Mashimba," alisoma jina la arobaini na moja.

Luhaga alikuwa amezisikia Jumamosi zote zile tangu ujana wake, na zamu yake ilipofika hakukumbuka la kusema. Odeta akamsukuma.

"Bado," alisema.

Mama Wilhelmina akampa ufunguo wa stoo, ule ule ambao Luhaga mwenyewe alitembea nao mfukoni kwa miaka ishirini na mitano. Ilibidi aurudishe kwanza, ndipo apewe.

Kitabu kile hakikusomwa tena. Leo Kota za Juu zina kuta zenye vipande vya chupa juu, na jirani hajui jirani amekula nini. Anayetaka nyumba siku hizi haulizwi ana watoto wangapi. Lakini namba kumi na tisa, ambayo Luhaga aliinunua kwa kiinua mgongo chake, haina ukuta. Bi Shamsia alishona kwenye baraza lile miaka minane, na nguo zake alizinyoosha kwa pasi ya mkaa juu ya jiwe, ambalo Odeta alilitandikia blanketi. Watoto wa Luhaga walifanya mitihani yao, madaftari yakiwa yamepangwa pembeni ya ufa. Hata Kija, aliyekuwa mzito wa kusoma, alifaulu.

Mama Wilhelmina sasa anatembelea fimbo. Akipita njia ile hapigi hodi kama watu wengine. Husimama nje, anajaza pumzi, na sauti ile ile inavuka bonde:

"Luhaga Mashimba!"

Na mzee yule, popote alipo ndani ya nyumba yake, huacha anachokifanya, akasimama wima.

"Nimepata, Mama! Nimepata!"