Fundi Anayenusa Breki

Fundi baiskeli wa mtaani kwetu hasemi neno kabla hajanusa. Pua yake, naapa, huijua kutu kabla haijaamua itashika chuma gani. Juzi aliinamia baiskeli ya mtumba ya mjukuu wangu, iliyokataa kusimama mteremkoni ikambwaga hatua mbili tu kutoka gurudumu la lori. Aliminya breki mara tatu, kama kawaida yake, macho kafumba. "Mafuta ya ndani ya breki hayajavuja," alisema kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Kisha akachomoa pedi, kile kibao kinachobana diski ya gurudumu ili lisimame, akainusa. Siku moja kabla ya mjukuu kuanguka, diski hiyo ilikuwa ikipiga kelele, nami nikaipaka mafuta ya kupikia kwa mapenzi yote.

"Nani kapaka hii?"

Mjukuu akasema hajui. Mimi nikakagua mawingu. Fundi hakunitazama usoni, alitazama vidole vyangu. Akafuta diski kwa spiriti, akatia pedi mpya, akapanda mwenyewe na kuteremka kasi hadi nikasahau kupumua. Kule chini akasimama kabisa. Aliporudi aliniwekea pedi ya zamani kiganjani, akanifumba vidole juu yake. "Bibi, hii kaa nayo wewe." Nawaambieni, pedi hiyo nimeiweka kando ya chupa ya mafuta ya kupikia, ipo hapo mpaka leo.