Machozi ya Krismasi Mwezi wa Nane

Mmenichosha. Katibu wa kikundi chetu cha akina mama wa kanisa amenitupia daftari mapajani akasema, "Cucu Njambi, tuandikie maisha yako, ukurasa mmoja tu, halafu daftari lipite kwa kila mama asome." Miaka sabini na tatu iingie ukurasa mmoja! Na anajua vizuri kwamba shule niliiacha darasa la pili. Nikamwambia sitaki. Akasema basi ataniandikia yeye. Hapo ndipo nilipomnyang'anya kalamu, kwa sababu mtu akikuandikia anakuandika vile yeye anataka uwe. Kwa hivyo someni polepole, na msinisahihishe.

Mimi ni Njambi wa Mungai, Cucu wenu, yaani bibi yenu wote, mzaliwa wa Dagoretti hapa Nairobi, mjane, msusi wa Kenyatta Market kwa miaka thelathini na moja. Kibanda changu kiko upande ule moshi wa wachoma nyama huingia, mteja anaenda nyumbani kichwa kikinukia mbavu za mbuzi. Nina wasusi wawili, Everlyn na Lornah, wote wa kutoka magharibi, wote wana midomo. Na nina televisheni. Hiyo televisheni ndiyo mnayonicheka nayo kila mkikutana: Cucu na sinema zake za wazungu.

Ninazipenda za aina mbili. Kuna za mama mmoja mwenye duka la keki katika mji mdogo. Kila wiki mtu anakufa karibu na yeye, na yeye anamtafuta muuaji huku mikono ina unga. Damu huioni. Maiti amelala kama mtu aliyechoka. Halafu kuna za Krismasi. Msichana wa ofisini anarudi kwa baba yake kijijini, theluji inaanguka, anampata mwanaume mpole mwenye sweta anayekata miti. Vijana wa duka la sinema wananijazia kwenye flashi kumi kumi, na mimi natazama Krismasi hata mwezi wa nane, kuna sheria gani? Kiingereza sikishiki chote. Nashika macho yao.

Mnafikiri ni kupenda uzungu. Si hivyo. Mimi ni mwoga, na sijawahi kumwambia mtu. Niliolewa na mwanaume ambaye nilijua jioni itakuwaje kwa vile alivyofunga geti. Akilibamiza, nilikuwa nawatoa watoto kwa dirisha la jikoni. Akilifunga pole pole, hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Miaka ishirini na sita nilisikiliza geti. Alikufa kitandani, Mungu ampumzishe, na mpaka leo jirani akigonga geti lake chai yangu inamwagika. Lakini kwa zile sinema hofu ina saa yake. Inaingia, inakaa saa moja na nusu, muuaji anashikwa, watu wanakula keki. Ndiyo maana.

Na nimejifunza kitu. Muuaji si yule anayenuna mwanzoni. Yule anayenuna ni fundi bomba tu, hana hatia. Muuaji ni yule anayekuwa wa kwanza kufika kwa mfiwa, anatabasamu, ameshika sahani ya chakula. Nimewafundisha wasichana wangu. Lornah husema, "Cucu, basi wewe unashuku hata mchungaji akija na mkate." Mimi namwambia mchungaji wetu hajawahi kuleta mkate.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Ijumaa ile ya mwezi wa nane.

Saa sita mchana aliingia mama mmoja. Nitamwita Kavutha, si jina lake. Anapika katika nyumba moja ya Lavington, nyumba ya ukuta mrefu na maua juu ya ukuta. Alisimama mlangoni. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekaa upande, kama si chake. Nikamjua.

Nyinyi pia mnamjua. Mwezi wa kwanza alikuwa amemkimbia mume wake. Mume alikuja kwa kikundi chetu akalia mbele yetu, mnakumbuka, alilia mpaka shati likalowa, na tukasema mwanaume anayelia hivyo amebadilika. Tukafanya kama desturi yetu. Mama wanne, sukari kilo nne, maombi mawili, tukaenda kwa dada yake, tukamchukua, tukamrudisha kwake. Mimi ndiye niliyetangulia. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mwanangu, nyumba ni uvumilivu."

Alikaa kwenye kiti changu akasema kwa sauti ndogo, "Cucu, wewe ndiye ulinirudisha. Leo nitoe wewe."

Nikamuuliza mtoto yuko wapi.

"Ametangulia jana. Mimi basi langu ni jioni."

Shida ilikuwa stendi. Mume wake ni dereva wa gari za abiria, na makanga wote, wale wakusanya nauli, wanamjua mke wake: nywele fupi za asili na kitambaa cha bluu. Akionekana tu, simu inapigwa. "Nifanye nisijulikane," alisema. Everlyn akauliza rangi gani. Akasema yoyote, bora si yake.

Kichwa cha rasta ndogo ni kazi ya mchana mzima mikono miwili ikifanya. Lakini hapa kwetu mteja mwenye haraka huzungukwa: huyu upande wa kulia, huyu kushoto, huyu kisogoni, mikono sita kichwa kimoja. Vidole vyangu vina baridi yabisi, nilikuwa nimeacha kusuka. Siku hiyo nilisuka. Tukachukua nywele nyekundu kama nyanya iliyoiva, tukafungua televisheni, filamu ya Krismasi, sauti juu, ili wapita njia wasikie ni siku kama nyingine. Tukasuka kama watu wanaokimbizwa.

Saa nane na nusu tulikuwa tumebakisha mbele. Rasta zote tulikuwa tumezivuta zikamfunika uso mpaka kidevuni. Mara nikasikia mlango wa mabati unafungwa. Pole pole.

Sikuhitaji kugeuka.

"Hamjambo wamama wa kazi! Cucu wangu, shikamoo."

"Marahaba, baba," nilisema, vidole vikiendelea kusuka.

Mume wa Kavutha alikuwa amevaa shati safi, ametabasamu, ameshika mfuko wa soda na boksi la keki. Lornah akaninong'onezea bila kufungua meno, "Cucu, keki." Nikamkanyaga mguu.

"Nimepita tu kuwasalimia," alisema. "Kuna mtu aliniambia mke wangu ameonekana huku sokoni. Nikasema kama kuna mtu anajua, ni Cucu. Wewe ndiye mama yetu."

Chini ya mikono yangu nilisikia kichwa cha Kavutha kinatetemeka. Si mwili, kichwa. Nilikibana na kiganja kama mtu anayeshika kuku asipige kelele.

"Sijamwona," nilisema. "Labda ameenda kununua nyama."

"Basi nitangoja. Leo sina haraka."

Akaketi kwenye benchi. Hatua tatu kutoka kwa mke wake! Akafungua soda kwa meno, akatazama televisheni. Mimi nikaomba, lakini maombi hayakuja, ilikuja tu namba ya rasta zilizobaki: kumi na moja.

Halafu Everlyn akafanya kosa. Halikuwa kosa la ubaya, ni mazoea. Sisi mteja humwiti kwa jina lake, unamwita kwa mtoto wake, ndiyo heshima. Akasema, "Mama Kioko, inamisha kidogo."

Yule bwana akaacha kunywa. "Mama Kioko?"

Kioko ni mtoto wake. Nikacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi. "Kwani mtoto wako amenunua hilo jina? Hapa nina Mama Kioko watatu. Huyu ni wa fundi magari, analala kwenye kiti changu kila Ijumaa kama amelipa kodi, na deni la kichwa cha mwezi wa saba hataki kusikia!"

Everlyn akashika, Mungu ambariki. "Na anakoroma, Cucu."

"Anakoroma kama lori la mchanga," Lornah akasema.

Yule bwana akacheka pia. Lakini alikuwa anaangalia mikono ya mteja, na ile mikono ilikuwa juu ya mapaja. Nikamtupia Kavutha taulo, mkono wa kushoto ukafunikwa. Nikasema kwa ukali, "Everlyn, maji yamechemka, tuchovye ncha." Mnajua rasta zikiisha lazima zichovywe maji ya moto ili zisifumuke. Hazikuwa zimeisha. Zilibaki sita. "Baba, sogea huko mbele, haya maji yamewahi kumtoa mtu malengelenge."

Akasogea. Akasogea mpaka karibu na televisheni, na hapo ndipo sinema ikamshika. Msichana alikuwa amesimama kwenye theluji, yule wa sweta anakuja mbio bila kofia, nyimbo, kengele. Nilimwona kwa upande. Mdomo ulikuwa wazi. Halafu machozi yakaanza kushuka. Machozi yale yale ya mwezi wa kwanza, mazuri, makubwa. Akapangusa na mkono wa shati.

"Cucu," alisema bila kugeuka, "mimi nampenda huyu mwanamke. Akirudi nitamtunza kama yai."

Na hapa niandike ukweli, kwa sababu bila ukweli daftari hili ni takataka. Moyo wangu ulilegea. Nusu dakika. Nilifungua mdomo nimwambie, mwanangu, kaa, mzungumze. Miaka yote nimekuwa nikifungua mdomo hivyo. Halafu nikaona kile kidole kimechomoza chini ya taulo, kimekaa upande, na nikafikiri: mwezi wa kwanza machozi yalikuwa haya haya, na kidole wakati ule kilikuwa kizima.

Nikaufunga mdomo. Nikamfunika Kavutha taulo lingine kichwani, mvuke ukipanda, nikamwambia Lornah, "Mpeleke mteja bombani akasuuze shingo." Wakatoka kwa pazia la nyuma. Alitembea pole pole. Sijawahi kuona mtu anatembea pole pole hivyo. Mimi nikaongeza sauti ya televisheni na kumwuliza yule bwana, "Ni nani huyu mzee mwenye ndevu, ni baba ya msichana?" Akanieleza. Alinieleza kwa adabu sana. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia.

Lornah alirudi peke yake baada ya dakika ishirini. Alikuwa amempitisha kwenye moshi wa nyama, wakatokea barabara ya upande ule mwingine, akamwingiza kwenye teksi ya kwenda stendi. Alifika alikokuwa anaenda. Siandiki ni wapi.

Yule bwana alingoja mpaka sinema ikaisha, akaenda zake; alielewa jioni, mke aliposhindwa kurudi nyumbani. Alirudi Jumamosi, akafunga mlango pole pole, akasimama tu. Jumatatu pia. Hajanigusa. Nalala na kitanda nimekisukuma mlangoni, na sioni aibu kuwaambia. Lakini hata akisoma hapa, ajue ni mimi, si wasichana.

Sasa nasikia amewalilia tena. Nasikia Jumapili hii baada ya ibada mtachagua mama wanne wa kwenda kumtafuta Kavutha mumrudishe, na sukari imeshanunuliwa, na jina langu liko la kwanza kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Litoeni. Nanyi msiende.

Nimewaachia nafasi hapa chini. Kila mama atakayeshika daftari hili aandike jina lake kwamba haendi. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba, wino nimeufunga na uzi kwenye jalada. Nitakuja Jumapili mapema nihesabu, na yule ambaye simwoni hapa nitamwuliza mbele ya watu.