Urbanus Dairekti

Ukifika Ujiji ukamuulizia Urbanus fundi, kwanza utaulizwa wewe: "Urbanus yupi? Dairekti?" Jina la kwanza alipewa na padri, la pili amepewa na kazi yake. Ukimpelekea pasi iliyokufa au friji lisilogandisha, atalifungua, atatafuta kile kidude kilichokata, atakitoa, na mahali pake ataunganisha waya mtupu, ncha kwa ncha. "Nimelipiga dairekti, mama. Nenda kawashe." Na kweli, likiwashwa linawaka. Spea inatoka Dar es Salaam, na Dar ni mbali, ilhali mwenye friji anataka barafu leo. Watu walimpenda kwa hilo, naye, tusifichane, alijipenda kwa hilo kuliko walivyompenda wao.

Mkewe alifariki mapema akamwachia mtoto mmoja, Wema. Urbanus hakuoa tena. Alimlea binti yake palepale kwenye kibanda cha ufundi, mtoto akichezea skrubu na mabetri mabovu, na akakua msichana mwenye mikono ya ajabu. Kusuka nywele hakufundishwa na mtu. Wanawake wa Ujiji walimngoja jioni atoke kazini, na sikukuu ikikaribia walipanga foleni barazani kwa Urbanus kama watu wa kisimani. "Hii mikono hukuitoa kwangu," baba yake alizoea kumtania. "Mimi vidole vyangu ni magunzi."

Kazi yenyewe ilikuwa katika hoteli moja ndogo ya ufukweni, Kigoma mjini. Wenye hoteli walinunua mashine ya kukaushia nguo, maana msimu wa mvua mashuka yakianikwa nje yananuka uvundo kabla hayajakauka. Urbanus aliitwa kuifunga, na alipomaliza akamwombea binti yake kazi ya udobi. Bomba la kutolea hewa ya moto alilipitisha ukutani likatokea nyuma ya jengo. Baada ya siku chache mbayuwayu wakaanza kujenga ndani ya bomba, basi akakata kipande cha chandarua kikuukuu, akakivisha mdomo wa bomba na kukikaza kwa waya. Huku kwetu chandarua hakitupwi. Kikichoka kitandani kinazungushiwa mchicha au kinafunikia vifaranga, na wapo wanaokivulia dagaa kwa kuibia. Urbanus alikitazama chandarua chake pale ukutani, akaona amefanya jambo la maana.

Masika ya mwaka juzi Wema alimpigia simu baba yake asubuhi.

"Shikamoo, baba. Mashine imegoma."

"Marahaba. Inazunguka?"

"Inazunguka, lakini haina joto. Na si leo tu, baba. Kwa muda sasa nguo zilikuwa zinatoka za moto kabisa, ila mbichi. Nazirudia mara mbili, mara tatu. Leo hata hilo joto halipo. Na jioni kuna wageni wa semina, hoteli nzima. Meneja kasema wageni wakikosa mashuka makavu, kesho nisihangaike kuja."

Kama kuna mahali Urbanus alipaswa kusimama na kufikiri, ni hapo. Mashine yenye joto inayotoa nguo mbichi inasema jambo moja tu, kwamba mvuke hauna pa kutokea. Hata mpika maharage anajua: sufuria lenye kifuniko halikauki. Lakini Urbanus alilosikia yeye ni kwamba mtoto wake atafukuzwa kazi. Na huyo tu ndiye aliyekuwa naye duniani. Alitia bisibisi mfukoni, akapanda bodaboda, akafika amelowa chapachapa.

Meneja, kijana aitwaye Rodgers aliyekuja Kigoma kikazi kutoka Mbeya, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, simu mkononi. "Mzee, itapona?"

"Mashine haifi mikononi mwangu, bosi."

Kazi aliifanya kwa mpangilio, hilo tusimnyime. Alipima umeme ukutani, ukawa mzima. Alisafisha chujio la mlangoni. Akafungua mgongo wa mashine, akapima koili ya joto kwa testa, nayo nzima. Mwisho akakipata kidude cheupe, hakizidi punje ya hindi, kimekata. Ni fyuzi ya joto. Alikinyanyua juu, Wema akakiona.

"Huyu ndiye mchawi wetu," Urbanus alisema. Akakitia mfuko wa shati, akakata waya, akachuna ncha na kuzisokota pamoja.

"Baba, na kule nyuma huangalii? Lile bomba lenye chandarua?"

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba alimjibu kwa kupaza sauti. "Ikipungua nitaenda."

Haikupungua. Mashine iliwashwa, joto likaja, joto zuri, na Rodgers akampiga Urbanus begani. Wema alicheka kwa furaha, akatupia mzigo wa kwanza. Urbanus akaitwa na mteja mwingine mtaa wa Mwanga, akatengeneze redio ya gari, naye akaenda akiwa na moyo mweupe.

Fyuzi ile ilikufa kwa sababu. Nyuma ya ukuta, kile chandarua kilikuwa kimenasa manyoya ya nguo kwa muda wote ule, yakashonana mpaka yakawa godoro. Hewa ya moto ilikuwa inagonga pale na kurudi ndani, na ndani nako manyoya yalijaa kila pembe, makavu kuliko nyasi za kiangazi. Fyuzi ilikuwa imezima joto kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Sasa haikuwepo.

Wema alisikia harufu kabla ya kuona moshi. Mtu mwingine angekimbia, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliona mashuka ya hoteli yanaungua, akasikia maneno ya Rodgers ya asubuhi, akafungua mlango wa mashine. Moto ulikuwa unangojea hewa tu. Aliingiza mikono yote miwili kuyavuta mashuka, na yalikuwa ya kitambaa kile cha kisasa kinachoyeyuka. Kiligandia mikononi mwake.

Wafanyakazi wa jikoni ndio waliomtoa. Urbanus alipofika moto ulikuwa umeshazimwa na Wema ameshapelekwa hospitali. Alizunguka nyuma ya jengo, katika tope, bila mtu kumwambia aende. Akakikuta chandarua chake kimeungua nusu, nusu nyingine imeshiba manyoya ya kijivu. Alikaa chini palepale kwenye tope akalia kwa sauti, mtu mzima, na waliomwona walidhani anamlilia mtoto peke yake.

Rodgers aliwaambia wenye hoteli kwamba ni hitilafu ya umeme. Umeme hauna mdomo wa kujitetea, na Urbanus hakuulizwa. Alishinda wodini, akimlisha binti yake uji kwa kijiko kama zamani. Mchana mmoja, kijiko kikiwa njiani, Wema alisema:

"Baba. Kile kidude ulichokitia mfukoni kilikuwa cha nini?"

Angeweza kudanganya. Maneno ya kifundi anayo mengi, na nani angemkosoa? Lakini macho ya mtoto yalikuwa juu yake.

"Cha kuzima," alisema. "Joto likizidi, kinazima."

Wema alifumba mdomo, na uji ule hakuupokea. Aligeukia ukutani. Alikaa hivyo mpaka wageni wa kutazama wagonjwa walipoambiwa watoke, na Urbanus akatoka na bakuli lake limejaa.

Wema alipotoka hospitali mikono ilikuwa imepona kwa namna ya mikono iliyoungua: ngozi imevuta, vidole vya kulia vimeshikana, vya kushoto havikunjuki. Hakuweza kufunga kifungo, sembuse kusuka. Baraza ikawa tupu jioni. Baba na mwana waliishi nyumba moja wakisalimiana na kupeana chakula, basi.

Ndipo Urbanus alipoanza safari zake. Alibeba mfuko wa vifaa akawa anapiga hodi nyumba hadi nyumba, Ujiji yote, akiwaomba wateja wake wa zamani wamruhusu atoe waya alioweka. Alikumbuka kila kitu alichowahi kupiga dairekti, na hicho ndicho kilichomnyima usingizi. Watu walimsikiliza, wakamcheka. Wengine walisema uchungu umemwingia kichwani. Wengine walisema mzee mjanja, anaua vitu ili aitwe tena kuvitengeneza. Mlango baada ya mlango ulifungwa, naye akarudi nyumbani waya hakuutoa hata mmoja.

Wema alimwona akirudi hivyo siku kadhaa. Asubuhi moja alimkuta anavaa viatu, naye akajitupia kanga mabegani.

"Unaenda wapi, mama?" Urbanus alimuuliza.

"Nakuja nawe."

"Hapana. Kaa nyumbani."

"Baba, maneno yako hawayasikii."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Shadia, muuza barafu na samaki wa ziwani, migebuka ya kugandisha, ambaye friji lake kubwa lilikuwa linaishi kwa waya wa Urbanus. Aliposikia amefuatwa kwa jambo gani, alishika kiuno.

"Fundi, ulilifufua mwenyewe, leo umekuja kuliua? Na migebuka yangu hii niipeleke wapi?"

"Mama Shadia, likizidiwa haliwezi tena kujizima. Litawaka moto, na watoto wamelala humu."

"Miaka yote hii limewahi kuwaka moto? Nenda bwana, una lako jambo."

Wema alikuwa amesimama uani, mikono ndani ya kanga. Akasogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Pole, pole sana. Nilikuwa nasema nitakuja kukuona..."

Wema alitoa mikono yote miwili, akainyoosha mbele ya yule mama kadiri ilivyoweza kunyooka. Kila Idi, tangu Wema akiwa msichana mdogo, Mama Shadia alikuwa akikaa kwenye kigoda kati ya magoti ya binti huyo, kichwa chake mikononi humo. Aliitazama. Akashika mdomo. Kisha akaenda ukutani akachomoa plagi mwenyewe, na friji likanguruma kidogo na kunyamaza.

Urbanus alipiga magoti nyuma ya friji akaanza kulegeza skrubu. Hakuinua uso. Wema akairudisha mikono ndani ya kanga, akasimama kumngoja amalize, maana nyumba zilikuwa bado nyingi.