Kigoda cha Chumba cha Cherehani

Mama yangu hakuwa mtu wa mpangilio, nasema hivyo bila kumwonea. Chumba chake cha kushonea, pale kwetu Kilakala, kilikuwa na cherehani moja, meza moja ya kukatia, na takataka za miaka yote. Mkasi ulipotea kila siku, na kila siku tuliukuta chini ya vitambaa. Nikimwambia apange, ananijibu, "Panga maisha yako kwanza." Kiwanda kilikuwa kimenipunguza na mume sina, kwa hiyo nilirudi kuutafuta mkasi.

Halafu daktari akamwambia ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia litafuata, dawa itachelewesha tu. Tulipofika nyumbani mama akavua viatu, akasimama katikati ya chumba.

"Haya, tukipange nikiwa bado naona," akasema. "Nikiacha kushona, humu ndani tutakula nini?"

Tulianza na kutoa. Zilikuwepo nguo tele ambazo wenyewe hawakuzifuata. Tangu marobota ya mitumba yaanze kumwagwa sokoni, mtu alikuletea kitambaa, akapita sokoni, akapata gauni lililo tayari kwa bei ya vifungo, basi humwoni tena. Mimi nilitaka tuziuze. Mama akasema nguo ya mtu haiuzwi wala haitupwi. Nikazungushwa mtaa mzima na kikapu kichwani, narudisha magauni. Mama mmoja alipokea sare ya shule ya binti yake, na binti mwenyewe alikuwa amekaa hapo kibarazani ananyonyesha. Walicheka hao! Mimi sikucheka, jua lilikuwa kali.

Zikafuata nyuzi za rangi. "Rangi za nini? Nitashona sare tu," mama akasema, akabakiza nyeupe na bluu. Nyekundu, kijani, njano na ile zambarau aliyoipenda akazifunga kwenye kitambaa, akampa mama wa mlimani aliyetuletea mboga, ambaye hudarizi vitambaa vya meza. Hakuzitazama mara mbili. Mimi ndiye niliyeumia. Nilienda jikoni nikafokea sufuria.

Uzi mweupe ukakaa kwenye kopo refu, wa bluu kwenye kopo fupi. Mkasi tuliufunga kamba kwenye mguu wa meza. Pateni zake za kupimia nguo, alizozikata kwenye karatasi za mifuko ya saruji, tulizitoboa: sketi tundu moja, shati mawili. Kisha akajifunga kanga usoni akaanza mazoezi. Ukisogeza kopo kidogo tu, amejua.

"Nani kagusa hapa?"

"Panya."

"Panya huyo ana makalio makubwa, maana kasukuma na meza."

Kila kitu kilipopata mahali pake, akanigeukia mimi. "Na wewe mahali pako ni hapo kwenye kigoda, karibu na mlango. Ukizurura humu nitakukanyaga." Basi nikakaa kwenye kigoda. Kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano na kumjibu akiniuliza kitu.

Jicho la kulia lilizimika wakati wa masika. Alilia siku ile, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, wala hakujali nani anasikia. Kesho yake akakaa kwenye cherehani. Sitakudanganya kwamba alishona kama zamani. Pindo zake zilipanda na kushuka kama barabara ya Matombo. Lakini watoto walizivaa, na sisi tulikula.

Baadaye nilipata kazi Dar, nikaenda. Mpangaji wetu alikubali kumtungia uzi asubuhi kabla hajatoka. Nilikagua makopo, mkasi, pateni, vyote viko mahali pake, nikaondoka roho ikiwa imetulia. Nilijiona nimemaliza kazi.

Siku moja nikarudi bila taarifa. Nilipofika uani nikamsikia mama anaongea, nikajua ana mteja. Nikachungulia dirishani. Alikuwa peke yake, mguu kwenye pedali, uso ameuelekeza kwenye kigoda.

"Mtoto mwenyewe kiuno hana, mama yake anataka marinda," alikuwa anasema. "Marinda yatashika wapi? Eh?"

Akakitegea kigoda sikio. Halafu akaendelea kushona.

Nikavua viatu mlangoni, nikaingia taratibu, nikakaa kwenye kigoda. Hata shikamoo sikutoa.

"Mwekee lastiki," nikasema.

Cherehani ikasimama. Mama hakushtuka. Alipapasa meza akapata kopo fupi, akanyoosha mkono kunipa uzi.

"Kumbe leo umejibu," akasema.