Neno la Mbunge wa Uskoti

Iko siku moja ya Kashikishi, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nakosa raha hata leo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, vita vimewaka Kongo, na watu wakivuka Ziwa Mweru kuja kwetu Zambia kila siku. Mimi nilikuwa kijana mchuuzi wa samaki, nina Kibemba cha nyumbani, Kiingereza cha shule na Kiswahili cha sokoni, na nilijiona mjanja kuliko wote.

Akaja mzungu mmoja, mbunge kutoka Uskoti. Hakuwa padri, hakuwa na mradi. Eti anawakilisha wavuvi wa pwani ya kwao, basi anataka kuwaona wavuvi wa huku. Nani anasafiri mbali hivyo kutazama samaki wakianikwa? Tena alikuwa na kidaftari, akauliza boti inachukua saa ngapi kufika Kongo. Nikamtilia shaka papo hapo.

Aliyemkaribisha ni Mama Ngalula, muuza samaki wakavu kutoka Kilwa ya ng'ambo, kule Katanga ya Kongo, aliyekimbia vita na wajukuu wawili bila karatasi yoyote. Alimpikia bukari, ugali wa kwao, kwa samaki, nami nikatafsiri. Mzungu akaeleza kwamba alikuwa mwalimu, akagombea ubunge akashindwa mara tatu, ya nne akapita. Sasa anakaa katika bunge la London, na chama chake kinataka Uskoti itoke chini ya London, ijitawale.

"Anasema anataka nini?" Mama akaniuliza.

Ningeweza kusema kujitawala. Nikasema, "Anataka sesesio."

Neno hilo la kujitenga hulitaji mbele ya mtu wa Katanga ukatarajia amalize chakula. Katika ujana wake Katanga ilijitenga na Kongo, wazungu wenye bunduki wakaja kuisaidia, watu wakafa. Mama akaacha tonge.

"Iyo neno ni mubaya. Bwana yangu alikufa juu yake. Umuulize ule muzungu: kwabo banapigana na bunduki, ao na kura?"

Sikumuuliza. Nilitaka kuonekana najua mambo, kwa hiyo nikaenda kuwaambia maofisa wa mpaka kwamba kwa Mama Ngalula kuna mzungu anatafuta watu wa kuipasua Kongo.

Wakaja. Mzungu akatoa pasipoti, akawaeleza kuwa kwao ni kura tu, wakacheka pamoja na kumwomba radhi. Mama Ngalula hakuwa na cha kuonyesha. Kesho yake wakampandisha boti na wajukuu wake, warudi kwenye vita. Hakunitukana.

"Mutoto yangu, nilikuambia uulize. Juu ya nini haukuuliza?"

 Niliona aibu, na aibu hiyo ninayo bado.

Mwaka uliofuata ikaja barua. Mzungu alikuwa amechaguliwa katika bunge jipya la kwao, lililopatikana kwa kura bila risasi hata moja. Mwishoni aliuliza kama yule mama aliyempikia hajambo. Nikauliza kila mfanyabiashara aliyetoka Kilwa, hakuna aliyemwona. Barua sikuijibu.

Sikwambii umwamini kila mgeni, mwanangu. Mimi mwenyewe, mtu mwenye kidaftari namtazama mara mbili. Shuku ukitaka. Lakini shaka yako mpelekee mwenyewe kwanza, umuulize usoni, kabla hujaipeleka ofisini. Ofisi ikija, anayeondoka nayo ni yule asiye na karatasi.

Mungu akupe ujasiri wa kuuliza, na kila atakayekula karibu nawe arudi kwake salama.