Nilivyomsoma mbuzi Sikudhani juu ya madungu ya ulezi: kwa waandishi wa watoto mnaotafuta wasomaji

Wakuu wa humu, wakubwa shikamooni, na wadogo nimeshaitikia kabla hamjasalimia.

Hiki ninachoandika kimenitokea mwenyewe, sikusimuliwa. Atakayesema ni chai, basi anywe polepole isimuunguze.

Nimesukumwa na uzi wa kijana mmoja wa juzi. Anasema ameandika hadithi za watoto, nzuri tu, ila hajui atawapata wapi watoto wenyewe, wala mwalimu wa kumfungulia mlango wa darasa.

Watu mkamjibu afungue ukurasa, atafute wafuasi, alipie matangazo. Sawa. Mimi simu janja nimeijulia uzeeni, huko siwezi kubishana na ninyi.

Lakini kukutana na wasomaji wadogo na walimu wao nilikufanya Sumbawanga, miaka ile ya Ujamaa, nikiwa binti wa kuuza duka. Na hadi leo nikikumbuka nasisimka kama ilikuwa jana. Vuteni viti.

Sisi kwetu ni mjini. Baba alikuwa na duka na lori moja lililokuwa limechoka kuliko yeye, linakodishwa kubeba mazao ya vijijini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kaunta.

Nauza chumvi, viberiti, sabuni. Vikiwepo, lakini. Mliokuwepo miaka ile mnajua rafu zilivyokuwa zinapumzika.

Sasa rafu zikipumzika na mimi naandika. Karatasi za kufungia sukari (sukari yenyewe haipo) nazigeuza upande wa pili, naandika hadithi. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mbuzi jike anaitwa Sikudhani, aliyechoka kuchungwa akaamua kwenda shule. Anapanga foleni asubuhi na watoto, anaingia darasani, anakula daftari la mahudhurio. Mambo kama hayo.

Basi ikatokea bahati.

Watoto walikuwa wamemiminika shuleni kuliko vitabu. Ofisi ya elimu ikatangaza kwamba mwenye hadithi ya watoto ailete, itakayofaa itadurufiwa isambazwe shule zote za wilaya. Mashine ilikuwa ile ya kuzungusha kwa mkono, ukitoka hapo una wino mpaka kwenye nyusi.

Nikapeleka ya kwangu. Mkaguzi wa shule, mzee mmoja mkavu asiyecheka, akaisoma yote mbele yangu, hata mdomo haukucheza. Akakunja karatasi akanirudishia.

"Binti, mimi siyo mtoto. Kaisome mbele ya watoto, mwalimu awepo, na mimi niwepo. Wakisinzia, tumemaliza."

Akanitajia shule moja ya kijiji upande wa Laela, na siku atakayopita huko kwenye ziara yake. Akasema karatasi zilizobaki ofisini zinatosha hadithi moja tu, na akirudi kutoka ziarani ndipo kazi ya kudurufu inaanza. Zikiisha hizo, hajui nyingine zitakuja lini.

Kwa hiyo mnanielewa. Ni siku ile au basi.

Nyumbani baba akanitazama juu ya miwani. "Nenda. Ikikubalika nitajua ulikuwa unaandika. Isipokubalika nitajua ulikuwa unanimalizia karatasi, na utatulia dukani."

Nikapanda lori lake alfajiri, linakwenda kupakia mahindi Laela. Sweta ndani, khanga mpya juu, na baridi ya Ufipa ya mwezi wa tano haijali khanga mpya. Njia nzima nasoma kimoyomoyo. Dereva akaniuliza kama nasali.

Nikashushwa kijijini. Nikatembea hadi shuleni nikiwa nimeinua kidevu, mwandishi huyo anakuja.

Shule tupu.

Wakuu, tupu kabisa. Madawati, ubao, na kuku mmoja anapita mlangoni.

Akatoka mwalimu mmoja kijana, Mwalimu Nestori, ndiye aliyekuwa na darasa la tatu. Mpole, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Kunisikia tu ninaulizia watoto akashika kichwa.

"Dada, hukupata habari? Ndege wameshuka. Ulezi wa kijiji umeiva, mwenyekiti ametoa shule nzima ikawinge. Na mimi nimerudi kuchukua maji tu."

Kwa ninyi mliozaliwa mjini: kuwinga ni kufukuza ndege shambani. Mnajenga dungu, kile kijukwaa cha miti kilichoinuka juu ya mimea, mtoto anakaa pale tangu asubuhi na kombeo lake na kopo la kugonga, anapiga kelele. Ulezi ukiachwa nusu siku tu ndege wanakula mwaka wenu mzima. Na shamba lenyewe lilikuwa la ujamaa, la kijiji chote. Hapo huwezi kumwambia mtu habari za mbuzi Sikudhani.

Nilikaa kwenye kizingiti nikalia. Sioni aibu kusema. Mkaguzi anakuja mchana, atakuta kuku.

Mwalimu Nestori akaniangalia, akaangalia ndoo yake ya maji, akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: "Lakini dada, watoto si wapo? Wamepanda juu tu. Twende."

Tukaenda.

Shamba lilikuwa linateremka kutoka nyuma ya shule mpaka karibu na barabara kule bondeni, ulezi wa rangi ya kahawia mtupu, na madungu yamepangwa mstari kuteremka nao. Kila dungu watoto wawili. Kelele hizo! Hoo! Hoo! Makopo, makombeo, ndege wanainuka huku wanatua kule.

Nikapanda dungu la kwanza, khanga mpya ikapata tundu. Pale walikuwepo wasichana wawili, mmoja anaitwa Skolastika, sauti yake ukisikia unadhani kameza tarumbeta. Nikafungua karatasi zangu nikaanza kuwasomea taratibu, angalau wawili hawa wasikie.

Sijamaliza mistari mitatu, dungu la pili wakapiga kelele: "Anasema nini huyo dada?"

Skolastika akageuka akawarushia: "Kuna mbuzi! Hataki kuchungwa! Anataka shule!"

Dungu la pili wakacheka. La tatu wakauliza wanacheka nini. La pili wakawarushia la tatu. La tatu wakawarushia la nne. Nikabaki mdomo wazi, naitazama hadithi yangu inateremka mlima kwa miguu yake.

"Endelea, dada," Skolastika akanisukuma bega.

Nikaendelea. Lakini mimi nilikuwa mwandishi wa kidato cha nne, sentensi zangu zilikuwa na mikia. Nikasoma moja ndefu, ina ambapo, ina hali kadhalika. Skolastika akaivutia pumzi, akaishia katikati.

"Dada, hii haifiki. Ipunguze."

Nikaipunguza. Nyingine nikaipunguza. Mwisho nikaacha kusoma kabisa, nikawa natazama karatasi kwa jicho moja na kuwapa maneno ya kurusha: Sikudhani amepanga foleni! Mwalimu hajamwona! Amekaa dawati la mbele! Amekula daftari la mahudhurio!

Hapo kwenye daftari shamba zima lililipuka. Huko katikati Kiswahili kilikuwa kinaingia Kifipa kwa ajili ya wadogo zao waliokaa chini ya madungu, kinatoka tena Kiswahili, na kila dungu wanaongeza chumvi yao. Nikasikia kwa mbali mbuzi amekula na chaki. Mimi sikuandika chaki popote!

Na ndege je? Ndege walishindwa kutua. Kila wakishuka wanakutana na kicheko. Niliponyamaza kunywa maji tu wakaanza kuteremka, mwenyekiti wa kijiji akaja mbio chini ya dungu letu ameshika kofia.

"Nani kawakataza watoto kupiga makombeo?"

Mwalimu Nestori akamwambia asubiri kidogo asikilize. Mimi nikarusha maneno, Skolastika akayapeleka, ndege wakainuka wote kama wameitwa na mtu. Mwenyekiti akavaa kofia yake. "Basi mpeni maji huyu mgeni, asinyamaze tena."

Sasa, mnakumbuka mkaguzi.

Yeye alikuwa anakuja na gari la ofisi kwa njia ya bondeni, kule kwenye dungu la mwisho kabisa. Baadaye dereva wake ndiye aliyenieleza. Wanapita, wakasikia mtoto anapiga yowe hewani: "Sikudhani amekula daftari la mahudhurio!"

Mzee akasema simamisha. Akashuka na koti lake, akamuuliza mtoto wa dunguni huyo Sikudhani ni nani, mwanafunzi wa shule gani. Mtoto akamjibu: "Shikamoo. Ngoja kwanza mzee, bado haijaisha."

Akangoja! Mkaguzi wa wilaya, amesimama kwenye ulezi, anangoja.

Mimi huku juu sijui kitu. Nimefika mwisho wa hadithi, ambako Sikudhani anafukuzwa kwa fimbo, anarudi zizini, anajifunza kwamba shule ni ya watu. Nilikuwa najivunia mwisho ule, niliona una mafunzo.

Ukateremka. Nikausikia ukipita dungu kwa dungu, sauti zinapungua. Halafu kimya. Hata makopo hayakugongwa.

Halafu kutoka chini kabisa kikaanza kupanda kitu. Sikukisikia vizuri mpaka kilipofika dungu la pili, wakamrushia Skolastika, naye akanigeukia uso umekunjwa.

"Wanasema hawataki."

"Hawataki nini?"

"Asifukuzwe. Wanasema urudishe."

Wakuu, niliona duka la baba, kaunta, na mimi nyuma yake mpaka uzee. Karatasi zimeisha, hakuna ukurasa mwingine. Lakini na hasira kidogo ilinipanda, tena hasira tamu, maana nilijua kitu kimoja: hawa watoto hawajasinzia. Mtu aliyesinzia hagombani na wewe.

Nikamwambia Skolastika, waulize wao wangemfanyaje.

Swali likateremka. Majibu yakapanda mengi, mengine siwezi kuyaandika humu. Mmoja alitaka mbuzi awe mkuu wa shule. Mwalimu Nestori akakohoa. Ila lililorudi kwa nguvu kuliko yote lilikuwa: apewe kazi!

Ndipo likanijia. Nikasimama juu ya dungu, hata kushikilia sikushikilia, nikapiga yowe mwenyewe:

"Mwalimu mkuu akamvalisha kengele! Sikudhani akikimbia uwanjani, ni saa ya kuingia darasani! Akikimbia tena, ni saa ya kwenda nyumbani!"

Shangwe iliyotoka shambani pale sijaisikia tena popote, na nimehudhuria harusi nyingi. Skolastika alinikumbatia tukakaribia kuanguka wote. Ndege wa Ufipa nzima walikwenda kutafuta wilaya nyingine.

Baada ya muda mkaguzi akatokea, anapanda taratibu kati ya mimea, viatu vimejaa vumbi, uso ule ule mkavu. Nikashuka, nikamwamkia, nikampa karatasi zangu kwa mikono miwili.

Akazipokea. Akazikunja. Akazitia mfukoni.

"Hii sitaidurufu," akasema.

Nilikosa hata machozi.

"Nimeisikiliza kule mwisho, kwenye dungu la bondeni. Hiyo iliyofika kule ndiyo ninayoitaka. Yenye chaki na kengele. Kaa na hawa watoto, uiandike kama ilivyofika. Nikipita jioni naichukua."

Tuliiandika pale pale, mimi na darasa la tatu, kwa zamu: wengine wananiambia yaliyofika kwao, wengine wanawinga. Mwalimu Nestori alitoa karatasi. Jioni ile mkaguzi aliondoka na Sikudhani garini, na mimi nikarudi mjini juu ya magunia ya mahindi nikiimba, dereva hakuniuliza tena kama nasali.

Baba aliposikia akaniletea pale kaunta fungu zima la karatasi za kufungia.

Baadaye, kiangazi, lori likaenda Milepa kupakia, nikaomba lifti kwa sababu tu nilikuwa nimeambiwa shule ya kule imepata nakala. Nilifika wakati wa mapumziko. Nikakaa kivulini ukutani, sikujitambulisha kwa mtu.

Msichana mdogo akanijia na karatasi mkononi, wino umemchafua vidole, kingo zimeshalegea kwa kushikwashikwa.

"Shikamoo dada. Wewe ni wa mjini?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi hii hujaisikia. Ni ya kwetu." Akakaa karibu yangu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akanisomea. Mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya kupiga yowe, kama vile nipo upande wa pili wa bonde.

Sikumwambia. Nilicheka alipocheka, nikamuuliza halafu ikawaje, na alipofika kwenye kengele nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote.

Kwa hiyo wewe kijana wa uzi wa juzi, mdogo wangu, usingoje kitabu kiwe na jalada. Chukua karatasi zako mbili tatu, nenda shule iliyo jirani, mwamkie mwalimu, mwambie ukweli kwamba hujui kama hadithi yako inafaa. Ukikuta watoto hawapo darasani, uliza wako wapi uwafuate. Na wakikataa mwisho wako, usinune. Hapo ndipo wamekubali kuwa wasomaji wako.

Walimu mliomo humu, sasa nawageukia ninyi. Akitokea mwandishi mlangoni kwako kesho, amevaa vizuri na anatetemeka, utampa kipindi kimoja? Semeni hapa chini mko wilaya gani na mnafundisha darasa la ngapi. Vijana wanasoma, na mimi nimevaa miwani nasubiri.