Mama Yenu Nipo

Mimi skuli niliiacha mapema nikashika toroli, na sioni haya kulisema. Duka la mbao na mabati pale Magogoni nililisimamisha kwa mgongo huu, na waliosoma walikuja kwangu kununua misumari. Mambo ya kuandika ndiyo sikuyataka. Mwishoni mwa miaka ya tisini tulipoingiza kompyuta na barua zikageuka imeli, nilimwachia mke wangu. Yeye alisomea taipu Bombolulu kabla sijamposa.

Kompyuta ilikaa nyuma ya rafu ya rangi, kando ya simu, maana vyote viwili vilitumia waya mmoja. Akishamaliza kuagiza mabati, alimwandikia binti yetu wa pekee, aliyeolewa Maskati, nami nikisimama nyuma yake nikisoma. Herufi zake zilikuwa za zambarau, kubwa kama za kibao cha duka. Nikamkejeli.

"Wewe waandikia watu au wawapigia kelele?"

"Wasoma husomi?" akanijibu bila kugeuka. "Basi soma, bwana."

Na chini ya kila barua palikuwa na maneno yale yale, kwa binti na mumewe: Mama yenu nipo, alhamdulillahi. Hata wenye mabati waliyapata, wakayazoea.

Ugonjwa wa sukari ulimwondoa mke wangu kwa haraka. Baada ya hitma dada yake mkubwa alisimamia kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi yetu. Leso zikenda kwa nduguze, buibui kwa jirani, hata chanuo hakikubaki. Mimi niliketi nikitazama nyumba yangu ikitolewa kwa mafurushi. Kompyuta hakuna aliyeitaka.

Basi nikaanza kumwandikia binti yangu mwenyewe, kwa kidole kimoja. Barua ya kwanza niliituma bila kutazama chini. Simu ikalia dukani.

"Babangu, wanitisha." Alikuwa akilia. "Nimefungua nimemuona mama. Mwandiko wake, rangi yake, aniambia yupo. Tumemzika, baba! Ukiniletea tena hivyo sitazifungua, wallahi."

Nikamwambia hilo si jambo, nitafuta. Na nilifuta, herufi moja moja, mpaka alhamdulillahi ikaisha, nikayatia maneno yangu rangi nyeusi. Barua ikenda safi. Kesho yake nikafungua ukurasa mpya. Sijagusa kitu, na chini kule, kwa zambarau: Mama yenu nipo.

Nikafuta. Siku ya pili yake yupo. Nikafuta tena, yupo. Mimi si mtu wa kuogopa. Nimelala kwenye maghala ya Changamwe na panya wa kutosha. Lakini nilianza kukohoa kabla ya kuingia nyuma ya rafu ile, kama mtu anayepiga hodi. Na siku nyingine, nitasema kweli, mkono ulikuwa mzito kumfuta kila asubuhi. Ni kama kumzika upya kabla ya chai. Siku hizo barua ilikwenda naye. Binti yangu akaacha kujibu.

Nikamwita shemeji yangu, yule dada mkubwa, nikamwonyesha. Alisoma, akajifunika leso mdomoni.

"Shemeji, huyu hajatoka."

"Atoke wapi? Hii ni mashine."

"Mashine yajua alhamdulillahi? Lete makaa."

Akafukiza ubani mpaka mteja wa misumari akauliza kama pana harusi. Akasoma Yasini, akapuliza kwenye kioo, akanitazama. "Haya, fungua."

Nikafungua. Yupo.

"Alikuwa mbishi tangu utoto," shemeji akasema, akakusanya chetezo chake akaenda zake.

Wiki ile binti alipiga simu. Sauti ilikuwa kavu. "Shikamoo baba. Nataka unambie kweli. Wamwacha makusudi?"

Nikamweleza. Namfuta kila siku, naye kila siku hurudi. Hata ubani nikamweleza. Akacheka na kulia pamoja.

"Baba, wewe wafuta maneno. Agizo lake hujalifuta. Kuna mahali aliamuru kila ukurasa mpya uanze vile. Shika kalamu, au hapana, shika kipanya, nitakuongoza."

Akaniongoza huku shingo imebana simu. Bonyeza juu, shuka, bonyeza tena. Kilifunguka kidirisha kidogo, na ndani yake alikuwamo yeye mzima. Aina ya mwandiko, zambarau, maneno ya chini, yote yamepangwa kama vyombo kabatini. Hapo dada yake hakuwa amefika kugawa.

"Wayaona maneno? Futa. Rangi, chagua nyeusi. Pana ukubwa hapo, punguza ziwe kama za watu wote."

Nikapunguza. Kisha nikashindwa kusoma kilichoandikwa. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Baba? Mbona kimya?"

"Zimekuwa sisimizi."

Akashusha sauti. "Mama alinikanya nisikwambie. Alisema, babako macho yamekwenda na hatakubali. Akaziweka kubwa ili usimame nyuma yake usome, usimuulize mtu."

Miaka yote ile nimemkejeli kwamba apiga kelele. Nilirudisha ukubwa kama alivyouacha yeye. Zambarau niliitoa, na yale maneno niliyatoa, maana mtoto wangu ni hai na namtaka anijibu. Nikamwandikia siku ile ile, naye akajibu kabla ya adhuhuri: Nimeifungua, baba.

Asubuhi yake nilikohoa, nikapita nyuma ya rafu, nikafungua ukurasa mpya. Harufu ya ubani ilikuwa bado katika kitambaa cha kufunikia kompyuta. Nikatazama chini kwanza. Palikuwa peupe.

Niliketi pale, mikono magotini, nikingoja. Wateja wakaita mbele, sikuitika.